Swali la Tano Katika Kliniki ya CTC

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mtu anayeishi na VVU aulizwe mambo manne kila anapoonana na mhudumu wa afya: kama anakohoa, kama ana homa, kama amepungua uzito, na kama anatokwa jasho usiku. Ni maswali ya kusaka kifua kikuu mapema. Anayechukua dawa kwenye kliniki ya huduma na tiba (CTC) ya hospitali za KCMC au Mawenzi mjini Moshi, au kwenye kituo cha afya cha karibu na kwao ameyazoea kiasi kwamba huyajibu kabla muuguzi hajayamaliza. Makala haya yanatetea swali la tano, fupi kuliko yote manne: unavuta sigara?

Nimechagua kulitazama jambo hili kutokea Mabogini. Kata hiyo iko kusini mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare, pale ambapo kahawa na migomba ya mlimani huishia na mpunga kuanza. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, uliyaleta majaruba yanayonyweshwa na maji ya chemchemi ya Njoro na mto Rau. Ukiendelea kusini unakutana na miwa ya kampuni ya sukari ya TPC. Mpunga na miwa ni mazao yanayotaka mikono mingi kwa wakati mmoja. Wakati wa kupandikiza na wakati wa kuvuna, vibarua hutoka mbali, hulipwa kwa siku au kwa jaruba, hulala kwenye vyumba vya kupanga. Pamoja nao huja madalali wa mpunga, madereva wa malori, na vijana wa bodaboda wanaozungusha abiria kati ya Chekereni, Pasua na mjini. Watu wanapohamahama na fedha inapokuja kwa mkupuo, VVU hupata njia. Sigara nayo hupata njia kwa sababu zilezile. Kwenye genge haiuzwi kwa pakiti. Inauzwa fegi moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba dirishani ili kila anayenunua awashe hapohapo.

Kitaifa Tanzania si nchi ya wavutaji wengi. Utafiti wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulikuta asilimia 8.7 wanatumia tumbaku ya aina moja au nyingine: asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Ukilinganisha na nchi nyingi za Asia na Ulaya, hizo ni takwimu ndogo, na huenda ndiyo sababu wengi wetu hatujalitia jambo hili moyoni. Lakini wavutaji hawakusambaa sawasawa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet Global Health, uliokusanya takwimu za nchi 28 za kipato cha chini na cha kati, ulionesha kwamba wanaoishi na VVU hutumia tumbaku zaidi ya wenzao wasio na virusi, na kwamba karibu robo ya wanaume wenye VVU huvuta. Kwa hiyo wastani wa taifa unaificha hatari pale inapokaa. Imekaa kwa mwanaume wa makamo, mwenye virusi, anayefanya kazi ngumu, ambaye kwa kawaida huwa wa mwisho kupima na wa mwisho kwenda kliniki.

Kwa nini hatukumuuliza tangu zamani? Jibu limo katika historia, na halina wa kulaumiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kina mama wa Moshi walipounda kikundi cha KIWAKKUKI mwaka 1990, kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa kuuguza watu majumbani, kuzika, na kulea yatima. Katika miaka hiyo, kumwambia mgonjwa aliyebakiwa na miezi michache aache sigara ingekuwa ni kumnyima faraja yake ya mwisho bila faida yoyote. Kansa ya mapafu huchukua miaka ishirini au zaidi kujijenga. Moyo huharibika taratibu. Mgonjwa wa mwaka 1992 hakuwa na miaka hiyo.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU bure, na kuanzia mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Baadaye kikaja kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri, chenye nguvu na kisicho na maudhi mengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, kama watu milioni moja na nusu, na kwamba miongoni mwa wanaotumia dawa, zaidi ya asilimia 94 virusi vyao vimefubazwa. Ni mafanikio makubwa kuliko tunavyoyasimulia. Mafanikio hayo ndiyo yaliyobadilisha hesabu, kwa maana mtu ambaye virusi vyake vimelala sasa ana miaka thelathini au arobaini mbele yake, na sigara huhitaji muda huohuo kumaliza kazi yake.

Hesabu iliyo wazi kuliko zote ilifanywa Denmark. Watafiti waliwafuatilia watu 2,921 wenye VVU kati ya mwaka 1995 na 2010, wote wakiwa na huduma bora isiyolipiwa. Walitaka kujua kila kitu kinampunguzia mtu miaka mingapi. Virusi vyenyewe vilipunguza miaka 5.1, na sigara ikapunguza miaka 12.3. Mtu wa miaka 35 mwenye VVU asiyevuta alitarajiwa kufika karibu miaka 78. Mwenzake wa umri huohuo, mwenye virusi hivyohivyo na dawa hizohizo, lakini anayevuta, alitarajiwa kufika kama miaka 63. Uchambuzi mkubwa zaidi wa Ulaya na Amerika Kaskazini uliofuata ulipata tofauti ndogo zaidi, ila mwelekeo ulibaki uleule: kwa anayemeza dawa vizuri, sigara inaua kuliko virusi.

Je, hesabu ya Denmark inaweza kuhamia Mabogini? Si yote. Mdenmark mvutaji huweza kumaliza pakiti kwa siku, ilhali kibarua anayenunua fegi moja moja anaweza kuvuta nne au tano. Mdenmark ana hospitali inayogundua kansa mapema. Wanawake wengi wa Denmark huvuta, wa Kilimanjaro ni wachache sana. Msomaji angeweza kuishia hapo na kusema hatari yetu ni ndogo. Nadhani angekosea, kwa sababu hesabu ya Denmark inaacha nje kitu ambacho huko karibu hakipo na hapa kipo kila kijiji. Kitu hicho ni kifua kikuu.

Kilimanjaro inajua kifua kikuu kuliko mikoa mingi. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huo na hadi leo ndiyo kimbilio la taifa kwa kifua kikuu sugu. VVU humwongezea mtu uwezekano wa kuugua kifua kikuu zaidi ya mara kumi, maana vinaziua seli zinazowafungia bakteria mapafuni wasitoke. Sigara peke yake huongeza uwezekano huo karibu mara mbili, kwa njia nyingine kabisa. Njia za hewa zimetandazwa vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu na makohozi kwenda juu; moshi huvilegeza, kisha huviua. Ndani zaidi, kwenye vifuko vya hewa, zimo seli walinzi ambazo kazi yake ni kummeza bakteria mara anapoingia. Moshi huzijaza masizi hadi hushindwa kazi. Tazama basi jinsi mambo mawili yanavyokutana katika kifua kimoja: virusi vinawaondoa askari wa ndani, sigara inavunja mlango. Dawa za kufubaza huwarudisha askari wengi kazini, ila haziwezi kuuziba mlango ambao mwenye nyumba anauvunja kila asubuhi.

Na hata kifua kikuu kinapotibiwa kikapona, mapafu hubaki na makovu. Mvutaji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa wakati wa matibabu na, akipona, wa kuugua tena. Kuna hasara nyingine ambayo wahudumu wanaijua vizuri. Mvutaji hukohoa kila siku. Akiulizwa kama anakohoa hujibu kwamba ni “kikohozi cha sigara tu”, na swali la kwanza kati ya yale manne linapoteza meno. Kinyume chake pia hutokea: mtu ambaye mapafu yake yamechakaa kwa moshi hukohoa, hupungua uzito, hupewa dawa za kifua kikuu, na wakati kikohozi hakipungui hakuna anayefikiria ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, kwa kuwa kipimo cha nguvu ya pumzi hakipatikani kwenye zahanati. Kwa sababu hii pekee swali la tano lingesaidia yale manne yajibiwe kwa ukweli.

Moshi wa sigara hauingii kwenye mapafu matupu. Nyumba nyingi bado hupika kwa kuni na mkaa, na mama asiyewahi kugusa sigara huvuta moshi wa jikoni asubuhi na jioni. Akiwa naye ana VVU na mume anavutia chumbani, ana mizigo mitatu. Wanawake hawaonekani sana katika takwimu za wavutaji, wamejificha ndani ya takwimu za wanaovuta moshi wa wengine. Watoto vilevile. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hufuatiliwa kwa uangalifu mkubwa hadi athibitike kuwa salama, kisha anarudi kulala chumba kimoja na baba anayevuta.

Moyo unastahili maneno zaidi kuliko unavyopata. Hata virusi vinapofubazwa, mwili wa mtu mwenye VVU hubaki katika hali ya uvimbe wa chinichini, kinga ikiwa macho muda wote. Uvimbe huo huikwaruza mishipa ya damu kwa ndani, ndiyo maana watu wenye VVU hupata shambulio la moyo karibu mara mbili ya wengine. Nikotini huongeza kasi ya mapigo na kuibana mishipa, kaboni monoksidi hunyakua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na damu yenyewe huganda upesi. Mwanaume wa miaka 48 akianguka shambani kwa maumivu ya kifua, mara nyingi husemwa amechoka, ana vidonda vya tumbo, au amerogwa. Watafiti wa KCMC wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke wameonesha kwamba mashambulio mengi ya moyo yanayofika hospitalini Moshi hayatambuliwi. Yasiyofika hayahesabiwi kabisa.

Kuhusu kansa nitasema machache. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mvutaji mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri ana uwezekano mara 6 hadi 13 zaidi wa kufa kwa kansa ya mapafu kuliko kwa magonjwa ya UKIMWI. Kwa wanawake, VVU huongeza hatari ya kansa ya mlango wa kizazi karibu mara sita, na sigara huuzuia mwili kukiondoa kirusi kinachoileta. Wachache wanaovuta wangefaa kuwa wa kwanza kuitwa kwenye uchunguzi.

Sasa imani mbili zinazosikika vijiweni. Ya kwanza ni kwamba sigara inaua nguvu ya dawa, hivyo aliyevuta leo bora asimeze kidonge hadi kesho. Si kweli, na ni imani ya hatari. Moshi haupunguzi dolutegraviri mwilini kwa kiwango cha kumfanya mtu aache dozi. Meza kidonge chako hata kama umetoka kuvuta sasa hivi, hata kama umekunywa. Kinachoharibu tiba ni dozi zinazorukwa, na anayevuta huku akinywa mbege au gongo hadi usiku wa manane ndiye anayesahau kwa urahisi. Ya pili ni ile ya kukata tamaa: “Ngoma ninayo tayari, sigara itanifanya nini?” Maneno haya yalikuwa na mantiki mwaka 1992. Leo anayeyasema anazungumza kana kwamba hukumu aliyoisikia siku ya kupima bado ipo, wakati ilishafutwa na kile kidonge anachokwenda kukichukua kliniki.

Lakini tusiwahubirie wavutaji kana kwamba hawajui. Wengi walianza sigara kabla ya virusi, shuleni au jeshini au kwenye lori. Wengine waliizidisha baada ya majibu, wakiwa hawana wa kumweleza. Unyanyapaa umepungua, haujaisha. Bado wapo wanaosafiri hadi wilaya nyingine kuchukua dawa ili wasionwe na majirani. Mtu aliyebeba siri kwa miaka kumi hupata kwenye sigara dakika tano ambazo hakuna anayemuuliza kitu. Nikotini nayo hutuliza kweli, kwa muda mfupi, na zaidi hutuliza hamu iliyoileta yenyewe. Muuguzi anayeuliza “Baba, bado unavuta hayo masigara?” kwa sauti ya kukaripia atajibiwa hapana, na uwongo huo utaandikwa. Akiuliza kwa heshima, faraghani, “Shikamoo baba. Tunamuuliza kila mtu siku hizi: sigara au ugoro unatumia?”, atapata ukweli. Ugoro usiachwe nje, kwa kuwa wazee wengi hawauhesabu kama tumbaku.

Baada ya kuuliza, nini kifuate? Ushauri mfupi wa mhudumu wa afya, dakika mbili au tatu, huongeza idadi ya wanaoacha. Ongezeko hilo ni dogo kwa mtu mmoja mmoja, ila anayetumia dawa za VVU ana kitu ambacho wavutaji wengine hawana: hurudi kliniki kwa tarehe maalum, maisha yake yote. Mvutaji wa kawaida wa Moshi humwona daktari akiugua tu. Huyu huonana na muuguzi yuleyule kila baada ya miezi kadhaa, na kwenye kliniki nyingi hukutana pia na WAVIU washauri, wenzake waliopitia njia hiyohiyo, waliofunzwa kumsaidia asiache dawa. Hao ndio walimu bora wa kuacha sigara tunaoweza kuwapata. Tayari wanajua kukaa na mtu aliyeteleza bila kumwaibisha.

Upande wa dawa tuko nyuma. Plasta na chingamu za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Vareniklini na bupropioni ziliongezwa mwaka 2021, na Julai 2024 shirika hilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, likiitaja pia sitisini, dawa ya bei nafuu. Plasta humwongezea mtu uwezekano wa kufaulu kwa zaidi ya nusu. Nimesema tuko nyuma kwa sababu katika vituo vya vijijini dawa hizi hazipo rafuni, na kibarua hawezi kuzinunua kwa bei ya duka la dawa la mjini. Nchi iliyoweza kuwafikishia wenye VVU kidonge bila malipo haiwezi kusema kuifikisha plasta ni jambo lisilowezekana.

Wapo watakaosema kliniki zimeelemewa, hasa baada ya Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ambayo ilikuwa ikizibeba. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ushahidi wa hapahapa kwetu unaonesha kwamba kuongeza huduma hakuvunji huduma ya VVU. Utafiti wa INTE-AFRICA, uliofanyika katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2023, uliwaweka wagonjwa wa VVU, kisukari na shinikizo la damu katika kliniki moja. Wenye VVU waliendelea kufubaza virusi kama kawaida, na wenye sukari na presha wakabaki kwenye tiba kwa wingi. Kama foleni moja iliweza kupokea magonjwa mawili mazima, swali moja haliwezi kuiangusha.

Kliniki peke yake haitoshi. Tunayo sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, na mwaka 2007 tuliridhia mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku. Hata hivyo kodi ya sigara haijafika robo tatu ya bei ya rejareja inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na fegi moja moja bado inamwezesha kijana asiye na fedha ya pakiti kuanza leo. Serikali inapata mapato, na wakulima wa Urambo na kwingineko Tabora wanategemea zao hilo. Najua si rahisi. Ila gharama ya upande wa pili inalipwa Kibong'oto, na inalipwa na hazina hiyohiyo.

Wewe unayemeza dawa na kuvuta, usisubiri kliniki ibadilike ndipo uulizwe. Siku ya miadi yako ijayo mwambie muuguzi, hata kama fomu yake haina pa kuandika, kwamba unavuta na unataka kuacha. Panga tarehe ya kuacha ndani ya majuma mawili, mweleze mke wako au rafiki mmoja unayemwamini, na ujue kwamba siku tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Ukishindwa mara ya kwanza, jaribu tena. Walio wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa. Ndani ya mwaka mmoja bila sigara hatari ya ziada uliyoiongeza moyoni mwako kwa kuvuta hupungua kwa nusu. Na kidonge chako usikiache hata siku moja.